Mguu Uliomfunza Baba Salamu

Mguu wa kulia wa babangu umepiga teke kila kitu kilichomo nyumbani mwetu, mtaa wa Kuze, na mimi nimo. Umepiga ndoo, viti, mtungi wa marehemu mama, na paka watatu niwakumbukao kwa sura. Mlango wa jikoni una ufa mpaka leo. Mimi nina kovu chini ya goti la kushoto, nililipata nikiwa na miaka tisa kwa kosa la kumwaga zafarani. Zafarani yenyewe ilikuwa kiasi cha kutia machoni.

Baba alikuwa fundi wa halwa. Tangu alfajiri mpaka adhuhuri alisimama mbele ya karai la shaba akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, sigara mdomoni, jasho likimtoka mpaka kwenye kikoi. Halwa haitaki mchezo, ukiipa mgongo kidogo tu inashika chini. Mikono yake ilikuwa na kazi daima, kwa hiyo hasira zilikuwa hazina pa kutokea ila mguuni. Aliyemsemesha halwa ikiwa motoni aliondoka hapo akichechemea.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanidhania mimi ni yule binti mwema wa kusimuliwa. Nilimwogopa babangu, kuna siku nilimchukia, na nilimpenda kwa uchungu. Hasira zake nimezirithi zote. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wangu na ndugu yangu wa pekee, naye hakukosa fungu lake.

Baba alipopita miaka sabini, akabadilika. Sukari alikuwa nayo siku nyingi, sigara hakuacha, duka la halwa akamwachia kaka. Na mtu huyu, ambaye maisha yake yote alipita vichochoroni bila kumtazama mtu usoni, salamu yake kikohozi, ghafla akaanza kusimama kwenye baraza za watu. Anasimama kwa mshona kofia: Salaam aleikum, habari za asubuhi, u mzima, watoto wazima, mkeo naye, lile jino limetulia? Anakwenda hatua ishirini, thelathini, anasimama baraza ya pili. Habari za nyumbani, mamako hajambo, yule mwanao wa Lamu ameandika? Hatua ishirini tena, baraza ya tatu, na huko anauliza hata hali ya paka.

Huku kwetu salamu si kitu cha kutupiana kama ganda la ndizi. Mtu anayesimama akauliza hali ya nyumba nzima, mmoja mmoja, husemwa ana adabu za watu wa kale. Basi mtaa mzima ukaanza kumsifu. "Mzee wenu kaongoka," watu wakaniambia. Mwalimu wa madrasa akamtoa kuwa mfano kwa wanafunzi wake, ati tazameni mtu aliyeishinda nafsi yake uzeeni. Mimi nililia kwa furaha, wallahi, siku nilipomwona amesimama kwa muuza viazi karai akimuuliza habari za mguu wa mkewe. Nikamshukuru Mungu kwa kumlainisha babangu kabla hajafa. Miaka miwili tulishukuru hivyo, watu wazima wenye akili zetu, na hata mmoja hakujiuliza kwa nini adabu hiyo inamjia kila baada ya hatua thelathini.

Nilijua siku moja asubuhi tulipoongozana kwenda dukani kwangu. Nina duka la kanga na vitambaa Biashara Street, na baba alisema anataka kunyoosha miguu. Tukasimama kwa mshona kofia. Tukasimama baraza ya pili, na ya tatu. Kisha akasimama mbele ya nyumba iliyofungwa, ambayo wenyewe wamehamia Maskati zamani, mlango umetiwa kufuli lenye kutu, akasema, "Salaam aleikum."

"Baba, hapa hapana mtu," nikamwambia.

"Nyamaza."

Nikamtazama vizuri. Mkono wake ulikuwa umeishika pete ya mlango mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Jasho limemtanda juu ya mdomo, na shavu la mguu wa kulia lilikuwa likitetemeka chini ya kanzu.

"Baba, nini?"

"Mguu wawaka moto. Ukipoa nitakwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu lini wewe ukawa kadhi?" akaninyanyulia bakora, na hakuweza kunipiga kwa sababu angeanguka.

Nilisimama pale nikazirudia moyoni salamu zote za miaka miwili. Lile jino, yule paka, mamako hajambo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtia mgongo ukutani nimtikise. Mtu anaungua mguu mbele ya watu wote, na yeye anauliza hali zao!

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Maumivu yakawa hayangojei atembee. Akawa analala mguu umening'inia nje ya kitanda, akisema ukining'inia unapata nafuu. Wayo ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu, na kidole kidogo kikaanza kuwa cha rangi ya zambarau. Nikasema aende hospitali. Kaka akasema ni damu chafu imekusanyika, aumikwe itolewe. Nikasema hospitali. Akasema, "Wewe ndiye mkubwa au mimi?" Nikaenda zangu dukani nimefura, na hilo ni kosa langu. Sikupaswa kuondoka.

Niliporudi adhuhuri nilimkuta muumishi yumo chumbani na chuku zake, vile vikombe vya kufyonzea damu. Alikuwa amekwisha kuuchanja muundi wa baba kwa wembe mara tatu, akabandika chuku. Alipoibandua, ilikuwa kavu. Akaigeuza juu chini, akaipiga kiganjani, na uso ukamshuka. "Damu haiko," akasema. Mguu wa mtu mzima hauna damu, na yeye anamuuliza kaka kama achanje tena!

Sijui nilivyofika dirishani. Nilichukua mkoba wake wote nikautupa chini, vikombe, wembe, pamba, kila kitu kikamwagika kichochoroni, na huko chini nikasikia watu wanapiga kelele. Muumishi nikamshika ukosi wa kanzu nikamtoa mlangoni. Kaka akanizaba kofi. "Watutia aibu mbele ya mgeni!" Nikamrukia, nikamng'ata kifundo cha mkono na sikumwachia mpaka nikasikia chumvi mdomoni. Akanivuta mtandio, mimi nikamvuta ndevu, tukaangusha kabati, ikawa patashika nguo kuchanika, mimi mwanamke wa miaka arobaini na minane na yeye babu wa wajukuu wanne.

Baba kitandani alikuwa akitutukana wote wawili. Kisha akataka kutupiga teke. Tulimwona. Uso ukakunjamana vile vile tunavyoujua tangu utotoni, na sote wawili tukajikunyata kwa mazoea. Mguu ukatikisika kidogo juu ya shuka, ukalala.

Kaka akaketi sakafuni akaanza kuokota vipande vya kioo cha kabati.

Ile michanjo mitatu haikupona. Itaponaje na damu haifiki? Katika wiki mbili ikawa vidonda, vidonda vikaungana, harufu ikashuka mpaka ukumbini. Tukampeleka hospitali, na daktari wa kwanza akamshika kifundo cha mguu, akatafuta mapigo, akatafuta tena, akatikisa kichwa. Akasema uozo ukipanda utammaliza mzee mzima. Alhamisi akatwe, juu ya goti.

Baba aliuliza swali moja tu. "Utazikwa wapi?"

Maana kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Huvikwa kitambaa cheupe kama sanda, kikazikwa kama kinavyostahili, kikamngojea mwenyewe. Kaka akasema atashughulikia. Jumanne akaja dukani kwangu, na tulikuwa hatujasemezana tangu siku ya muumishi. Duka lilikuwa limejaa wateja. Akasema bila kunitazama, "Nikatie yadi mbili za bafta nyeupe."

Nikavuta jora, nikapima, nikatia mkasi, nikachana. Nilikuwa nakunja ndipo akauliza, "Yatosha mguu?" Alikuwa ameshazungumza na mchimba kaburi.

Fimbo ya kupimia ilikuwa mkononi. Nilimpiga nayo begani, nikampiga mgongoni, nikampiga mpaka ikakatika vipande viwili, na wateja wakakimbilia mlangoni. "Yuko hai! Mguu uko juu yake bado na wewe wauchimbia kaburi!" Nilingoja anirudishie. Hakunirudishia. Alikaa juu ya robota la kanga, akajifunika uso kwa ile bafta, akalia kwa sauti mbele ya watu. "Ni mimi niliyemleta yule mtu," akasema. "Ni mimi."

Mteja mmoja hakukimbia. Mama mmoja wa bara, muuguzi katika hospitali nyingine papa hapa kisiwani, alikuwa amesimama na doti ya kanga mkononi akitutazama. "Kabla hamjazika," akasema, "huyo mzee ameonwa na daktari wa mishipa?" Tukamwambia hapana. Hatukujua hata kama yuko daktari wa namna hiyo. Tukatoka naye wote wawili, bafta nikaisukumiza chini ya meza ya kukatia, na jioni ile ile tukamhamishia baba hospitalini kwao.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, mtu wa bara, mfupi hata kifua changu hafiki. Akapaka mafuta mguuni, akapitisha kidude kinachosikiliza damu. Kinenani kikavuma. Pajani kikavuma. Chini ya goti, kimya. Akatueleza polepole: mshipa mkubwa wa damu umezibwa na uchafu ulioganda kama chokaa kwenye bomba. Atatoboa tundu dogo kwenye kinena cha mguu wa pili, apitishe waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka penye kizibo, akipenye, kisha aingize kijiputo na kukijaza mpaka kizibo kibanwe ukutani na njia ifunguke. "Ikifunguka, damu itashuka na vidonda vitapona. Nikishindwa," akasema, "Alhamisi iko pale pale."

Baba alisikia neno moja tu. "Mwanamke anishike kinena? Hasha!"

"Mzee, nimeshika vinena vingi," daktari akajibu, "na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka."

Mara ya kwanza kwa miezi, babangu alicheka. Akakubali kwa sharti niwepo mimi, si kaka. Jumatano asubuhi wakanivisha koti zito la kuzuia miale, wakanisimamisha upande wa kichwa chake, wakaniambia nisiguse kitu. Yeye yu macho, kaganzishwa kinena tu. Daktari akamwonya mara tatu: usitikisike.

Kwenye kioo cha mashine nikaiona dawa ya kuonyesha njia ya damu, nyeusi, ikimiminika ndani ya paja la babangu. Ikashuka, ikashuka, ikafika karibu na goti, ikakatika. Chini yake hakuna kitu, weupe mtupu. Daktari akaanza kuusukuma waya. Ulidunga, ukakwama, ukajikunja, akaurudisha, akausukuma tena. Baba alikuwa akimtukana, akawatukana na waliomfundisha. "Tukana, mzee," daktari akamwambia bila kuinua macho, "ila tukana umelala." Saa nzima ikapita hivyo. Mgongo uliniuma, koti lilinielemea, na nilikuwa natamani kuunyakua ule waya niusukume mwenyewe. Kisha ukapenya. Akaingiza kijiputo, akakijaza.

Baba akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. Alisema baadaye ilikuwa kama mtu anampasua shavu la mguu kwa shoka kutoka ndani. Akainuka. Mkono mmoja akamsukuma muuguzi mpaka akaigonga meza ya vyombo, wa pili akaupeleka kinenani.

"Mshikeni! Akigeuka waya unatoboa mshipa, na mguu umekwenda!"

Nikamkamata mabega. Akanipiga ngumi ya mdomo, jino likacheza. Nikamwambia, "Baba, lala." Akanipiga tena. Anajiinua, mzee wa miaka sabini na mitatu, ana nguvu za mtu aliyekoroga halwa maisha yake yote. Nikamtazama daktari, mikono yake miwili imebanwa na waya, hawezi kufanya lolote. Basi nikamwachia baba bega moja, nikamzaba kofi. La kiganja kizima, la shavu, kwa nguvu zangu zote.

"Lala, au nitakuua mwenyewe kabla ya mguu!"

Lo! Baba akanitazama. Alama ya vidole vyangu ilikuwa ikijichora shavuni pake, kidole kwa kidole. Akalala taratibu, akageuza uso ukutani, na hakutikisika tena, ingawa daktari alikijaza kile kijiputo mara mbili nyingine. Nilimwona tu anatafuna ndevu zake.

Kisha ile dawa nyeusi ikamiminwa tena. "Shuka," daktari akawa anainong'oneza, "shuka, shuka." Ikafika gotini. Ikapita. Ikashuka muundini mpaka kifundoni, ikaingia wayoni, ikagawanyika vijia vidogo vidogo kuelekea vidole. Nikanyoosha mkono nikashika wayo wa babangu, na hakuna aliyenikataza. Ulikuwa unapata joto.

Mguu haukukatwa. Kilikatwa kidole kidogo tu, na vidonda vikaanza kuwa vyekundu, kisha vya waridi, kisha vikaanza kujifunga pembeni. Kaka akamwarifu mchimba kaburi asingoje.

Lakini mimi nilikuwa nimempiga babangu. Sijui huko kwingine mambo haya yanachukuliwaje. Kwetu, mtoto anayemwinulia mzazi mkono hana radhi, na asiye na radhi hana chake duniani wala akhera. Habari ilitoka chumba kile ikafika Kuze kabla ya alasiri. Wanawake niliosoma nao chuoni wakawa wakiniona wanazama majumbani. Kaka mwenyewe, niliyemvunjia fimbo mgongoni, akaniambia kwa upole, "Kamwombe msamaha, dada." Nikamwambia siombi. Ningeomba ningesema uongo, kwa sababu ile hali ikirudi leo nitampiga tena. Nilisema hivyo mchana, na usiku nikalia mpaka mto ukaloa.

Kila asubuhi nilikwenda kumwosha vidonda. Nikiingia nasema, "Shikamoo, baba," nainama niubusu mkono, naye anautia mkono chini ya shuka. Hajibu. Naosha, napaka dawa, nafunga bandeji mpya, anatazama dari. Naondoka. Wiki sita nilimwamkia mtu asiyeniitikia. Wallahi, teke lolote la utotoni lilikuwa afadhali.

Wiki ya saba, asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu dukani nikionyesha kanga, nikasikia fujo mlangoni. Mshona kofia wa baraza ya kwanza alikuwa anakuja mbio na sindano yake, anahema. "Babako ana nini leo? Katupita! Katupita sote, baraza zote, hata salaam aleikum hakuna! Tumemkosea nini?"

Na mbele yake, katikati ya mlango wangu, amesimama baba. Amekuja kutoka Kuze kwa miguu yake, bila kusimama popote, hata pale penye kufuli lenye kutu. Hakuwa na jasho. Mkono haukushika kitu.

Nikainuka. "Shikamoo, baba."

Alinitazama, akakitazama kigoda, akaurudisha nyuma mguu wa kulia na akakipiga teke kwa wayo, daktari angeona angezimia. Kigoda kikaruka juu ya kizingiti, kikatoka mpaka barabarani, kikagonga mkokoteni, kikavunjika. Mteja akapiga yowe. Mimi sikusogea. Kovu la goti lilinichoma.

Baba akauinua ule mguu kidogo, akaugeuza huku na huku, akautazama. Kisha akanyoosha mkono, kiganja chini.

"Marahaba," akasema.

Nikaubusu. Nikaushikilia usoni mpaka ukaloa, na hakuuvuta. Alipochoka kusimama akasema kwa ile sauti yake ya jikoni, "Haya basi, nipe mahali nikae. Au nawe wataka nisimame kutwa?"

Kigoda kilikuwa nje vipande vipande, na anajua nani amekivunja. Nikainama chini ya meza ya kukatia, nikaitoa ile bafta, yadi mbili, ikiwa bado imekunjamana. Nikaitandika juu ya robota la kanga, na babangu akaikalia.